Picha za Kuibia

Jirani yangu Mama Teddy anasema mimi nikikupiga picha hujajiandaa, hufiki mavuno.

Maneno hayo aliyaanzia bombani, hapa hapa mtaani kwetu Viwanja Sitini. Kwamba mzee Leodegar nilimpiga amekaa zake mlangoni, hana habari, na picha hiyo hiyo ikatangulia mbele ya jeneza lake. Kwamba Merina, mke wa fundi cherehani, naye vivyo hivyo.

Ndugu zangu, kinachouma ni kwamba hakudanganya.

Mimi niliishia la saba. Flashi sina, natumia jua la asubuhi kabla halijawa kali. Wateja wa kipaimara na harusi wanapozi, mkono kiunoni, maisha yanaenda. Ila ninazozipenda ni za kuibia. Nasubiri mpaka mtu asahau kama nipo.

Maneno yakasambaa. Nikipita na kamera, akina mama wanaita watoto ndani. Wateja wakakata kabisa.

Na mimi nikaanza kujiogopa.

Nikakaa nikazitazama upya zile picha za waliokufa.

Wote wako mlangoni. Wote wamejifunika, nyuso zimeelekea jua.

Sasa jiulize. Asubuhi msimu wa mpunga, mwenye afya yuko shamba. Anayebaki mlangoni anaota jua, katulia kiasi cha kunifaa mimi, ni nani kama si mgonjwa?

Nilikuwa nafuata mwanga tu. Mwanga ukawa unanipeleka kwao.

Nikasema leo namsuta Mama Teddy, tena mbele ya wenzake. Asubuhi nikatoka na kamera yangu begani, nimejaa.

Bombani hayupo. Wenzake wakasema siku hizi maji wanachota wanawe.

Nikamkuta kwake. Mlangoni. Kigoda, khanga mbili, na joto lote hili.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akaniuliza kama kamera ninayo.

Mashavu yalikuwa yamebonyea, na mwanga umemkaa vizuri kuliko wote niliowahi kuwapiga. Nikaishusha kamera begani.

Anayekusema vibaya, kabla hujamjibu, mtazame kwanza usoni. Wengine si chuki. Ni woga.

"Wale wenzangu uliowapiga mlangoni walitoka wazuri, mwanangu," akasema. "Mimi zangu zote nimebana tumbo, nacheka na meno ya mbele kama nauza dawa ya mswaki."

Akacheka kidogo, akakohoa sana.

"Nitaangalia kule barabarani. Wewe nipige kama hunioni."

Akageuza uso kwenye jua, akatulia.