Kaseti ya Lori la Maji

Mke wangu alileta kaseti hiyo nyumbani ndani ya mfuko wa unga, Jumamosi moja alasiri, akitoka Malaba kumsaidia mama yake kuhama. Mama mkwe alikuwa na gesti ya vyumba sita kando ya barabara, pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Uganda. Sasa magoti yalikuwa yamemchosha, ngazi hazipandiki tena, akaamua kuifunga. Vitanda viliuzwa, magodoro wakapewa majirani. Lakini ile mashine ya gemu iliyokuwa sebuleni, pamoja na kaseti zake tano, mke wangu alikataa isiguswe na mtu.

"Hizi ni zangu," aliniambia, akizipanga juu ya meza yangu ya kazi. "Angalia kama zinawaka. Lakini polepole. Usizifungue vile unafungua redio za watu."

Mimi ni fundi wa simu na redio hapa Busia mjini, na nyumba yetu iko nyuma ya duka. Mashine za namna hiyo watu huniletea mara mojamoja, wanazitoa juu ya dari, na wote huuliza kitu kimoja: ile ya mpira bado inacheza? Hakuna anayeulizia zile nyingine. Lakini mimi huzijaribu zote kabla mteja hajarudi. Nimewahi kukaa na gemu ya ndege mwenye miguu mirefu anayevuka mapaa ya nyumba akiwa amebeba yai mdomoni, nikasahau chai mpaka ikaganda utando. Nimecheza ya mzee anayenasa samaki kwa kofia yake. Gemu zisizo na sifa, ambazo nadhani hata waliozitengeneza wamezisahau, na mimi nazipenda kwa sababu hiyohiyo. Utotoni sikuwa na yoyote. Nimekulia Moding, kwenye nyumba isiyo na stima, na gemu niliziona mara ya kwanza kwenye kibanda cha video kule Amagoro, siku ya soko, nimesimama nyuma ya migongo ya watoto wengine. Niliifahamu ile migongo vizuri kuliko gemu zenyewe.

Nilisafisha meno ya shaba ya kaseti kwa pamba na spiriti, nikaunganisha waya, na televisheni ikawaka. Mke wangu akavuta kiti, akashika padi ya kuchezea, akachagua kaseti ya kijani iliyokuwa na karatasi ya maandishi ya Kijapani iliyobanduka nusu.

Ilikuwa gemu ya lori la maji. Lori dogo limebeba tangi lisilo na kifuniko, nawe unalipandisha vilima mpaka kwenye miti iliyokauka, unaimwagilia mmoja baada ya mwingine. Ukikanyaga breki ghafla, maji yanaruka. Ukikata kona kwa haraka, yanamwagika. Mti ukishiba unatoa majani yote kwa mara moja, na sauti kama kijiko kinachogonga kikombe. Hakuna adui, hakuna bunduki, hakuna anayekukimbiza. Kuna wewe na kilima na maji yanayocheza huku na huku.

"Madereva walikuwa hawaitaki kabisa," alisema bila kuondoa macho kwenye kioo. "Walikuwa wanasema, nimeendesha kutoka Mombasa siku tatu, halafu niendeshe tena ndani ya televisheni? Wanaweka mpira ama ngumi. Kwa hivyo hii ikabaki yangu."

Nilitazama mikono yake. Tumeoana miaka tisa na sikuwa nimewahi kuona mikono hiyo ikifanya vile. Kidole gumba kilikuwa kinabonyeza kidogo, kinaachia, kinabonyeza tena, na mabega yake yakiegemea upande wa kona kana kwamba kiti nacho kina magurudumu. Alikuwa amekwenda mahali ambapo mimi sijafika. Nilicheka.

Kisha akamwaga tangi lote kwenye kilima cha tano, akapiga ulimi, na kioo kikaonyesha orodha ya waliopata alama nyingi. Mistari mitano. Kila mstari ulikuwa na herufi tatu, jinsi gemu za zamani zilivyokuruhusu kuandika. Mstari wa kwanza zilikuwa herufi za jina lake la utotoni. Wa pili zilikuwa herufi nyingine. Wa tatu zake tena, wa nne zile nyingine, wa tano zile nyingine.

"Huyu ni nani?" niliuliza.

"Nani?"

"Huyu mko naye hapa."

"Aa! Huyo." Akatabasamu, na hilo tabasamu ndilo lililoniharibia wiki. "Kijana wa Tororo, kule Uganda. Shangazi yake alikuwa na duka la dawa mlango wa pili kutoka kwetu. Alikuja likizo moja ndefu tukiwa kidato cha tatu. Tulicheza hii kitu mpaka mama akatishia kukata waya. Alikuwa ananiita nyabo, kama mimi ni mama mzima."

Akaamka kwenda kupika. Nilibaki nikitazama zile herufi. Nyabo. Mimi namwita mama watoto kama kila mtu. Nilijaribu kulisema hilo neno peke yangu, kimoyomoyo, nikajiona mjinga.

Sitadanganya kwamba nilikuwa na sababu yoyote. Mke wangu hajawahi kunipa shaka hata ya siku moja. Lakini wivu wangu haukuhitaji habari za leo. Ulimtaka yule msichana wa kidato cha tatu, aliyekaa sebuleni Malaba na kijana wa Tororo, bega kwa bega, wakipokezana padi moja, wakati mimi nilikuwa Moding nachunga ng'ombe za baba na sijui kwamba wapo. Nilihisi kama nimesimama tena nyuma ya migongo.

Wiki nzima nilifunga duka mapema wakati wa chakula cha mchana, nikacheza peke yangu. Nilitaka kuandika herufi zangu juu ya zile za kijana. Sikufika popote. Kilima cha tatu kilinishinda, maji yakimwagika yote nikiwa sijaona mti. Na kila nikishindwa, ile orodha ilirudi kwenye kioo, wale wawili wamepangana, yeye na yeye, yeye na yeye.

Siku ya Ijumaa nilimwambia mke wangu jambo ambalo lilikuwa kweli. Ndani ya kaseti za aina hiyo kuna betri ndogo ya duara, kama ya saa, ndiyo inayotunza alama. Betri yenyewe ilikuwa ya tangu ujana wake, na ingeweza kufa wakati wowote.

"Ukibadilisha, zile alama zinabaki?" aliuliza.

"Nitajaribu."

"Tafadhali jaribu."

Kazi hiyo naijua. Ukiitoa betri hivi hivi, kila kitu kinafutika. Lakini fundi makini huunganisha kwanza betri ya nje kwa nyaya mbili nyembamba, kumbukumbu isikose umeme hata sekunde moja, ndipo aitoe ile ya zamani. Nimewafanyia wateja mara mbili au tatu. Jumamosi asubuhi niliifungua kaseti, nikawasha solda ya kulehemu, nikakata zile nyaya mbili, nikazimenya ncha. Zilikuwa mkononi mwangu. Nilizishika kwa muda kiasi, nikisikia nje mtu akiita abiria wa Kisumu. Kisha nikaziweka chini, nikaitoa betri ya zamani bila kuunganisha kitu.

Nikaweka mpya, nikalehemu vizuri sana. Hiyo ndiyo kazi safi kuliko zote nilizofanya mwaka huo.

Alipowasha jioni, mistari yote mitano ilikuwa sifuri.

"Imekataa," nilisema.

Alikaa na padi mapajani. Nilidhani atamsikitikia yule kijana, na nilikuwa nimejiandaa kulisikia hilo, nilikuwa hata nimelitamani, ili niwe na kitu cha kushika. Lakini alisema, "Nilikuwa namba moja."

"Ndiyo."

"Hapana, wewe huelewi. Malaba nzima. Kulikuwa na madereva wawili watatu waliojaribu mwishowe, wakaacha. Yule wa Tororo alilala na hii gemu kichwani likizo yote, hakunishinda. Siku ya mwisho alicheza tangu asubuhi, akashindwa, akaenda kupanda gari bila kuniaga." Akacheka kidogo, macho yakiwa kwenye zile sifuri. "Shule sikuwa namba moja. Mbio sikuwa. Kitu pekee duniani ambacho kiliandikwa mimi nimeshinda, kilikuwa hapo."

Nilikuwa nimeitazama orodha ile siku saba, na sikuwahi kuisoma hivyo. Niliona watu wawili wamelala kwenye kitanda kimoja. Yeye aliona mshindi na waliomfuata.

Nilipaswa kumwambia wakati huo huo. Sikuweza. Nilitoka nje nikajifanya naangalia mlango wa duka.

Tangu hapo alicheza kila siku akitoka kazini, anafanya kazi ya ukarani kwenye shule moja hapa mjini, bado na nguo za kazi na viatu amevua. Alitaka kurudisha alama zake. Haikuwa rahisi, vidole vilikuwa vimesahau kilima cha sita. Nilimtazama akishindwa Jumatatu, akashindwa Jumanne, akashindwa Jumatano kwa kona ileile. Jumatano hiyo akageuka akaniambia, "Labda hata sikuwahi. Labda nilijidanganya tu, zilikuwa ndogo kuliko ninavyokumbuka."

Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia.

"Zilikuwa nyingi," nilisema. "Na betri haikukataa. Ni mimi. Najua namna ya kuzihifadhi, na sikuzihifadhi. Nilikuwa na nyaya mkononi."

"Kwa nini?"

"Yule kijana."

Akaiweka padi chini, lori kwenye gemu likinguruma peke yake.

"Ulitaka kumfuta yeye."

"Ndiyo."

"Na mimi niliyekuwa juu yake? Hukuniona?"

Alizima televisheni, akachomoa kaseti, akaifunga kwenye leso, akaitia kwenye mkoba wake wa kazi. Kwa siku kumi alikwenda nayo kazini na kurudi nayo, kama mtu anayebeba kitambulisho. Hakunitukana. Chakula alinipakulia, habari za watoto alinipa, lakini alikuwa ananiita boss, kama wateja wanavyoniita, na mimi niliitika.

Siku ya kumi na moja, Jumapili baada ya kanisa, alikuwa anamenya viazi uani. Nilikuwa nimekaa karibu naye nikichambua mchele, kazi niliyojipa mwenyewe. Akaanza kuongea bila kuniangalia.

"Jana nilivuka upande wa Uganda kununua vitambaa. Nikamwona."

Nilijua anamsema nani. Mkono wangu ulisimama ndani ya mchele.

"Ana duka la vifaa vya ujenzi. Amenenepa. Alinijua upesi, akamwita mkewe aje anisalimie, tukanywa soda. Nikamuuliza, unakumbuka lile lori la maji? Akasema, lori gani?"

"Hakumbuki?"

"Hata kidogo. Nikamweleza, miti, vilima, tangi. Akasema labda nilicheza na mtu mwingine. Anakumbuka mpira tu."

Nitasema ukweli: nilifurahi. Furaha ilipanda haraka, mbaya na tamu, mpaka nikainama ili asiuone uso wangu. Kisha nikamtazama yeye. Alikuwa amekishika kiazi kilichokwisha kumenywa, kisu bado kinakizunguka, kinakata kiazi chenyewe sasa, na hakuwa anaona. Ile likizo nzima ilikuwa na mashahidi wawili. Mmoja alikuwa amesahau. Kilichobaki kimeandikwa nilikuwa nimekifuta mimi.

"Nieleze," nilisema.

"Nikueleze nini?"

"Hiyo likizo. Yote. Kilima cha sita ulikuwa unakipandaje?"

"Utakasirika."

"Nitakasirika. Nieleze tu."

Akafikiri. Akakiweka kiazi ndani ya sufuria, akachukua kingine. Kisha akaanza, kwanza kwa maneno machache, halafu yakamiminika. Alinieleza sebule ya gesti, harufu ya sabuni ya kufulia na dizeli, madereva waliolala kwenye makochi wakisubiri karatasi zao zipigwe mhuri. Alinieleza jinsi kilima cha sita hakipandwi kwa gia bali kwa kuachia, unaliacha lori lirudi nyuma kidogo ili maji yatulie, ndipo upande. Yeye ndiye aliyeligundua hilo. Alimficha yule kijana siri hiyo mpaka mwisho. Kijana alimbembeleza kwa maandazi, kwa Kiganda alichokuwa anamfundisha, siku moja kwa ua alilochuma kwenye uzio wa kanisa, na yeye akala maandazi, akajifunza Kiganda, akaliweka ua kwenye chupa ya soda, na siri hakuitoa.

Kwenye lile ua nilitaka kusema kitu kibaya kuhusu wanaume wanaouza misumari. Badala yake niliokota kokoto moja kwenye mchele nikaitupa.

"Halafu?" niliuliza.

"Halafu mama akatuita tule," alisema, na akaendelea.