Shikamoo Kutoka Kidete

Kwenye semina moja kule Mikumi, mtaalamu alituambia kwamba bonde la mto husimamiwa kwa ajili ya mambo matatu: umeme, kuzuia mafuriko, na usafiri wa majini. Tukaandika. Kwenye la tatu wengine tulishindwa kuzuia kicheko. Huko kwetu Kilosa, chombo pekee nilichowahi kukiona kikisafiri kwenye Mto Mkondoa ni kitanda cha futi tano kwa sita, na mwenyewe hakukiaga.

Mimi ni msoma kipimo. Kuna ubao wenye namba, kama rula ndefu, umesimamishwa ukingoni mwa mto. Asubuhi na jioni nateremka, naangalia maji yamefika namba gani, naandika kwenye daftari, kisha natuma ofisini kwa simu. Ofisi ikishakusanya namba za mto mzima ndipo inapojua nani apewe maji ya kumwagilia, tuta gani liongezwe, na lini watu wa mabondeni waambiwe wahame. Mtaani wananiita Afisa Rula. Nimeshazoea.

Msomaji mwenzangu wa juu yuko Kidete. Maji hupita kwake kwanza, ndipo yanakuja kwangu. Babu yake aliletwa na kazi ya reli kutoka Unyamwezi akasahau kurudi, na sisi ni Wasagara wa hapa hapa, kwa hiyo yeye ni mtani wangu, na mtani hana dogo. Kwenye msiba wa baba aliingia kaburini kabla ya marehemu, akalala chali, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Mama yangu, mtu mzima mwenye vitukuu, anamwita "mchumba". Mimi ni "mtoto wa kambo". Aliwahi kunipigia asubuhi kunipa pole kwa kufukuzwa kazi, nikashinda siku nzima bila kula.

Ndiyo maana kule Mikumi tuliwekeana sharti: mengine yote ruksa, ila kwenye namba hakuna utani. Akitaja namba, ni kweli. Asipotaja, nicheke tu. Tukapeana mikono, nikajiona mtu mwenye busara sana.

Sasa, sheria inataka mtu asilime ndani ya mita sitini kutoka ukingoni. Mama alikuwa analima ndani ya mita sita. Nilipomkanya alinijibu, "Mimi nililima hapa mto ukiwa kule. Huo ndio ulionifuata." Na kweli mto wetu una tabia ya kuhama. Basi mimi, mtumishi wa mto, nikawa nalishwa mchicha wa haramu, na ulikuwa mtamu.

Siku moja jua liliwaka Kilosa, hata wingu la kuazima hakuna. Nilikuwa nimeshasoma kipimo na kutuma, nimekaa kwa mama ntilie karibu na stesheni nakunywa chai. Simu ikaita.

"Mtoto wa kambo, mto unakuja. Mtoe mchumba wangu shambani."

"Namba?"

"Namba hakuna. Ubao wote umezama. Tangu alfajiri natafuta mtandao, ndio nimeupata sasa hivi huku kilimani."

"Bila namba ni utani. Si tulikubaliana?"

"Wewe! Nakwambia ubao siuoni!"

"Vaa miwani," nikamjibu. Nikakata simu, nikaagiza chapati ya pili.

Naandika haya kwa aibu. Ile chapati nilikuwa nimeifikisha nusu ndipo akili iliponirudia: maji yakishaupita ubao, hayana namba. Nikampigia mama. Simu inatumika. Nikapiga tena. Inatumika. Mama yangu, ambaye hapigiwi na mtu zaidi yangu!

Nilikimbia mpaka viatu vikanivuka. Nilipofika, bustani haikuwepo. Palikuwa na maji mekundu yanavuta mabua ya mahindi na madumu, na kigoda cha mama kinazunguka katikati yake. Niliita, "Mama!" kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo. Nilijua nimemuua mama yangu kwa sababu ya sharti langu mwenyewe.

"Unampigia nani kelele?"

Alikuwa juu ya tuta la reli, nyuma yangu, amekaa na jembe mapajani, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna. Nilipanda nikamshika miguu. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeokolewa.

"Kanipigia yule mwendawazimu wako," akasema. "Nikamwuliza, haya mchumba, leo una lipi? Akaniambia, 'Shikamoo mama.' Tangu nimjue hajaniamkia hata siku moja. Nikajua hapa kuna kifo. Sikungoja la pili, nikakimbia, hata simu sikuikata."

Nikaketi kando yake, nikalia, naye akaniacha nilie.

Kesho yake maji yalipungua. Ubao wangu ulikuwa umelala chini, na bustani ilikuwa matope matupu. Mama alisema atalima mbali na mto, ila mchicha wa huko hautakuwa na ladha. Mchana mtani akampigia, naye mama akaiweka simu sauti kubwa ili nami nisikie.

"Mchumba! Kumbe hujafa? Nilishaanza kutafuta mwingine."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Kisha akaisogeza simu mdomoni.

"Mwanangu," akamwambia, "ile shikamoo yako ya jana sikuiitikia."

Akajifunga kanga vizuri, akaketi wima.

"Marahaba, baba," mama akasema. "Marahaba."