Mzazi wa Hannah

Asubuhi ile Syovata alivaa gauni jipya, akalivua, akavaa jingine, kisha akalirudia lile la kwanza. Yeye fundi cherehani, anayewashonea sare watoto wa Msambweni, leo vidole vilikataa hata kufunga kifungo. Hannah, binti wa miaka minne, alikuwa keshavaa viatu, anarukaruka mlangoni.

"Mama, twende! Jaji ataondoka!"

Walikuwa wanakwenda Kwale, mahakamani. Jaji angeamua kama Hannah atakuwa mwana wa Syovata kisheria.

Syovata alimkuta mtoto huyo kwenye baraza ya duka lake alfajiri moja ya mvua, amefungwa kwa leso, kitovu bado kibichi. Alimkimbiza hospitali miguu mitupu. Kwenye wodi ya wazazi, muuguzi aitwaye Asiya alimpokea mtoto, lakini Syovata alipotaka kufuata ndani akamzuia kwa upole.

"Dada, humu ni wazazi tu. Umejifungua lini?"

"Sijawahi kujifungua."

"Basi wewe si mzazi. Subiri hapo nje, tutakuita."

Asiya alisema neno la kazi yake tu. Wodini, mzazi ni mwanamke aliyejifungua. Lakini Syovata alikuwa ameachwa na mume kwa kukosa mtoto, na neno lile lilimchoma, likabaki humo ndani. Polisi walimtafuta mama wa mtoto wasimpate. Afisa wa watoto akamkabidhi Syovata amlee. Hannah akaota meno, akatembea, akamwita mama. Hata hivyo Syovata alipoulizwa yeye ni nani kwa mtoto, alijibu, "Mlezi tu."

Mahakamani, jaji alisoma uamuzi kwa Kiingereza, upesi upesi, Syovata asiambulie kitu. Mwishowe akainua uso, akasema kwa Kiswahili, "Mzazi wa Hannah asimame."

Syovata akaganda. Kumbe amekuja! Yule aliyemzaa amejitokeza, leo hii! Akamkumbatia Hannah kwa nguvu, akageuka kuwatazama waliokaa nyuma. Hakuna aliyesimama.

"Simama, mama," akanong'ona wakili wake, Dzombo.

"Ameitwa mzazi."

"Ndiwe."

"Wakili, mimi sikumzaa!"

Jaji alisikia, akavua miwani. "Mama, hospitali watauliza nani alijifungua. Mimi sheria inaniuliza nani ana haki na wajibu juu ya mtoto huyu. Nimeamua ni wewe. Kuanzia leo, mzazi wa Hannah ni wewe."

Syovata alisimama. Akafungua kinywa aseme ahsante, kikatoka kigelegele! Askari wa mlangoni akaruka, lakini jaji akamwashiria amwache, naye anacheka. Hannah akapiga makofi bila kujua kisa.

Habari ziliwatangulia Msambweni. Bi Ummi, jirani yake wa miaka mingi, alikuwa barazani na bakuli linalofuka moshi.

"Shikamoo, Bi Ummi! Nimepewa! Nimepewa mwanangu!"

"Marahaba, mwanangu, alhamdulillahi. Ingia ndani. Mzazi hasimami juani hivi."

Kwenye bakuli mlikuwa na uji wa pilipili manga, ule wanaopewa wanawake waliotoka kujifungua. Syovata alicheka mpaka machozi yakamtoka, akanywa, jasho likimtiririka. Hannah alichovya kidole, akakilamba, akapiga ukelele, "Uji huu unauma!"

Kisha akachovya tena.