Baba mdogo alitoa shukrani kanisani kwa majibu ya titi langu

Wakuu, heshima zenu. Hii si ya kusimuliwa na jirani, ni ya nyumbani kwetu kabisa, na hasira bado ninayo.

Mimi nina matiti. Mwanaume mzima, yote mawili yamejaa tangu ujana. Ukimaliza kucheka endelea kusoma.

Nilienda hospitali hapa mjini, dokta akapapasa, nikapigwa ultrasound. Jibu: ni tezi tu zimekua, si kansa, na kwa kawaida huwa hazigeuki kuwa kansa.

Nikapanda kijijini Akheri kumsalimia baba mdogo, ambaye ni mzee wa kanisa. Nikamsimulia. Akanivuta migombani, kumbe naye ana uvimbe, titi la kushoto tu!

Nikamwambia, "Baba, nenda ukapimwe."

"Nikamvulie shati nani? Nesi wa zahanati yetu naimba naye kwaya. Wewe si umeshapimwa? Damu yetu moja, jibu lako ndilo langu."

Nilibishana naye mpaka chai ikapoa. Yule mzee ni mbishi, acha tu.

Jumapili iliyofuata kabeba mkungu wa ndizi, kaupeleka kanisani, shukrani ya kupata majibu mazuri. Ukanadiwa nje baada ya ibada, watu wanapiga makofi. Majibu ya titi LANGU, jamani!

Miezi ikapita. Mama mdogo akanipigia: "Njoo umchukue baba yako. Kila nikifua shati lake nakuta damu upande wa kushoto."

Nikamleta mjini kwa ugomvi. Uvimbe mgumu kama buni kavu, hauumi, chuchu imezama ndani. Wakakata kinyama wakapima. Kansa.

Dokta akamuuliza, "Mzee, nani alikwambia si kitu?"

Akaninyooshea mimi kidole.

Nilitaka kulia na kugomba kwa pamoja.

Titi limeondolewa, sasa yuko kwenye dawa. Kama tumewahi au tumechelewa, bado hatujaambiwa.

Wanaume, yangu ni laini na yapo pande zote mbili. Lake gumu, upande mmoja. Lakini usijipime kwa kusoma uzi, nenda ukashikwe wewe mwenyewe.

Wenye wazee wa aina hii, mliwavua shati vipi? Nipeni mbinu haraka. Jana baba yangu mzazi kaniambia naye anasikia kitu kifuani, ila hana haja ya kwenda, mdogo wake ameshapimwa.