Jeti Isipokusikia

"Isipokusikia, itafanya nini?"

Swali hilo niliulizwa asubuhi moja ya kiangazi, huko Mandewa, Singida, mbele ya nyumba ya jirani yetu. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye mkeka na rimoti mbili mbele yangu, kama mtu anayechagua kuku wa sikukuu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na shahada ya umeme na mawasiliano, na nikajibu swali jingine.

Mwanangu Zaituni, ujumbe wako nimeupata. Unasema jeti yenu ndogo pale chuoni imekwisha kuundwa, kilichobaki ni rimoti, na unaniuliza mimi mama yako mdogo mnunue ipi. Umeniuliza kwa mstari mmoja nami nakujibu kwa kurasa, kwa hiyo uzee umeshaniingia. Zamani nilikuwa nawakimbia watu wa namna hii. Unamuuliza mzee njia ya sokoni, anaanza na mwaka aliooa. Nivumilie. Njia ya sokoni nitakuonyesha, ila ni lazima tupite huku kwanza.

Wakati ule nilikuwa nimemaliza chuo na kazi haijaonekana. Nilikuwa mtu wa kuuliza kila kitu. Mchungaji akihubiri, namngojea mlangoni na swali. Bibi yako akitoa methali, naipindua kama jiwe nione chini yake kuna mdudu gani. "Ubishi huu si wangu," alikuwa akisema. "Ni wa baba yangu. Alikuwa dereva wa treni, na watu walichelewa safari zao kwa ubishi wake." Babu huyo alifariki kabla sijazaliwa. Kwangu mimi alikuwa picha moja ukutani, kofia imeinama upande, jicho moja limefinywa kama anayekataa bei.

Jeti niliiunda mwenyewe kwa povu gumu la maboksi ya samaki, nikaikwangua na kuipiga msasa mpaka ikawa laini kama yai, na tumboni nikaificha feni ya umeme. Ukiiwasha ililia kama nyuki waliofungiwa mtungini. Vijana wa bodaboda walinijua.

"Injinia wa maboksi! Tukupeleke wapi leo, Ulaya?"

"Nisubirini hapo hapo," niliwajibu. "Nitawapungia nikiwa juu."

Nilicheka nao, lakini kifuani palikuwa na kitu kinachouma. Mama alikuwa amenisomesha kwa alizeti na kwa mgongo wake. Nilitaka siku moja tu, mwanangu, mama asimame kando ya ziwa aone kitu kilichotoka kwenye mikono yangu kikipaa, ajue kwamba miaka ile haikwenda bure.

Rimoti zile mbili zilitoka kwa mtu wa Arusha aliyekuwa anauacha mchezo huu. Alizituma zote kwa basi, nichague moja nimrudishie nyingine. Moja ilikuwa mpya, nyepesi, ina kioo cha rangi na chaneli kumi na sita, yaani njia za kupelekea amri, na inaongea: ukiiwasha inakusalimia kwa sauti ya mwanamke. Nyingine ilikuwa nzito, imechunika pembeni, kioo chake cha kijivu kama cha kikokotoo, chaneli nane. Jeti yangu ilihitaji sita. Kila moja ilikuja na kipokezi chake, kile kidude kinachokaa ndani ya ndege kusikiliza amri. Nilikuwa nimeshachagua moyoni. Pale kwenye mkeka nilikuwa natafuta shahidi tu.

Shahidi alikuwa Mzee Hamisi, mwenye nyumba. Alikuwa mstaafu wa reli. Maisha yake ya kazi aliyamaliza kwenye vituo vidogo kati ya Manyoni na Itigi, akivuta nyenzo za ishara, ile mikono ya chuma iliyokaa juu ya milingoti kumwambia dereva pita au simama.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba, injinia. Leo unauza redio?"

Nikamweleza. Akaisikiliza ile mpya ikimsalimia, akaiitikia kwa heshima zote, akacheka peke yake. Kisha akaigeuza nyuma na mbele akaniuliza swali lile.

"Itanisikia, Babu. Hii inafika zaidi ya kilomita."

"Sikukuuliza kama itakusikia. Nimekuuliza isipokusikia."

"Sasa kwa nini isinisikie?"

Alinirudishia rimoti taratibu, kama mtu anayemrudishia mama mtoto aliyelala. "Umejibu swali kwa swali," akasema. "Kwenu mko hivyo."

Nikamrudishia mtu wa Arusha ile iliyochunika.

Ile siku yenyewe naiona mpaka leo kama kitu kilichotokea nyuma ya kioo chenye mvuke. Ziwa Singidani lilikuwa limerudi nyuma na kuacha uwanda mweupe wa magadi, sawa kabisa, unaometa hata huwezi kusema maji yanaanzia wapi. Ndege heroe walikuwa mbali, mstari wa waridi uliokuwa ukitetemeka. Upepo wetu ule wa Singida, usiochoka, ulikuwa umelegea kidogo kama unaosinzia. Mama alikuja na khanga mpya. Mzee Hamisi alikuja, na mkewe Bibi Mwanaidi, mwenye magoti mabovu, tukamwekea kigoda mahali pazuri pa kuona. Majirani wengine walisimama nyuma wakiwa na utani wao tayari mdomoni.

Jeti ilikimbia juu ya magadi, ikaacha vumbi jeupe, ikanyanyuka. Utani ukakatika. Niliipitisha mbele yao mara moja, mara mbili, rangi ya fedha juu ya anga la bluu, na sauti yake ikija nyuma yake kama kivuli. Nilimsikia mama akisema kitu kwa Kinyaturu, polepole, si kwa mtu yeyote. Mwanangu, nikifumba macho ninaposhindwa kulala, ni pale ninaporudi.

Kisha nikataka kuwaonyesha zaidi. Niliishusha chini, nikaipeleka nyuma ya yale majabali makubwa ya ufukweni, itokeze upande wa pili. Ilitokeza. Nikavuta kijiti kuinyanyua, haikunyanyuka. Nikakata feni, feni ikaendelea kulia. Jiwe lilikuwa limekata mawimbi ya redio, na kile kipokezi kidogo, kikishapoteza sauti ya rimoti, hakikuwa na njia ya kuipata tena. Kilikuwa kimeshikilia amri ya mwisho niliyokipa: nguvu zote, pinda kushoto kidogo. Basi ikawa inazunguka. Duara kubwa, zuri, la kutii, na kila duara likishuka, na upepo ukilisogeza upande wa watu.

"Kimbieni!" nikapiga kelele. Wakakimbia. Bibi Mwanaidi hakuweza.

Nilimwona Mzee Hamisi akitoka mbio, mzee wa umri ule, akasimama mbele ya mkewe, akainyoosha mikono yote miwili juu ya kichwa. Ndivyo watu wa reli wanavyomwambia dereva asimame. Aliinyoosha kwa jeti isiyo na dereva, isiyo na macho, isiyonisikia hata mimi niliyeiunda. Ilipita juu ya vidole vyake ikajikita kwenye tope la magadi hatua chache nyuma yao, ikawaka moto. Bibi Mwanaidi alikuwa amejaribu kujisukuma nyuma. Alianguka na kigoda chake, kifundo cha mkono kikavunjika.

Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimeipindua methali hiyo mara nyingi tangu siku ile, na naona haikunipata sawasawa. Asiyesikia nilikuwa mimi. Aliyevunjika alikuwa mwingine. Ingekuwa kila mbishi anavunjika mwenyewe, dunia ingekuwa na viwete wengi lakini ingekuwa na haki.

Nilikwenda kwao kesho yake, nikasimama mlangoni. Bibi alikuwa kitandani, plasta mpaka karibu na kiwiko.

"Unasimama kama mdai," akasema. "Ingia unisongee ugali. Mkono wangu umeupeleka likizo, basi huo wako ufanye kazi."

"Bibi, nisamehe."

"Maji yako yanachemka. Msamaha unakuja baada ya ugali, nikiuonja."

Niliupika ugali wa nyumba ile mpaka plasta ilipofunguliwa. Mzee Hamisi hakunikaripia hata siku moja, na hilo liliniuma kuliko karipio. Mpaka asubuhi moja, nilipokuwa nafagia uani, akaninyang'anya ufagio na kwa mpini wake akachora mlingoti mchangani, na mkono juu yake.

"Mkono ukilala hivi, sawa na ardhi, maana yake simama. Ukiinama, pita. Ndani ya kibanda mimi navuta nyenzo, waya mrefu unavuta mkono, unainama. Sasa niambie, waya ukikatika?"

"Mkono utabaki ulipo."

"Ungebaki, tungeua watu kila mwezi. Huku nyuma kuna uzito wa chuma. Waya ukikatika tu, uzito unashuka, mkono unarudi kulala. Simama. Aliyeutengeneza alijua iko siku mimi nitalala, au waya utaoza, au tembo ataukanyaga. Hakuniuliza mimi ni hodari kiasi gani." Akaufuta mchoro kwa mguu. "Kutii hata jeti yako ilitii. Ilitii mpaka ikakaribia kuniulia mke."

Hilo ndilo lilikuwa karipio. Hakulirudia.

Nikamwandikia mtu wa Arusha. Ile rimoti iliyochunika hakuna aliyeitaka, bado alikuwa nayo. Kipokezi chake kilikuwa kizito na cha kizamani, lakini kilikuwa kinafundishika: kikikosa amri kwa muda mfupi, kinafanya ulichokifundisha ukiwa na akili zako timamu, kabla hujapandwa na kiherehere. Nikaunda jeti nyingine. Kabla haijaota magurudumu, tuliifunga kamba kwenye mti wa uani kwa Mzee Hamisi, nikaiwasha, feni ikalia mpaka kuku wakahama.

"Izime," akasema.

"Jeti?"

"Rimoti. Iache jeti ikose mtu."

Nikaizima rimoti mkononi mwangu. Nyuki wale wakalia nusu pumzi, kisha wakanyamaza. Mabawa yakajinyoosha yakatulia. Uani pakawa kimya kiasi cha kusikia alizeti zilizokauka zikigongana upande wa pili wa ua.

"Sasa ndiyo umenunua," akasema.

Basi mwanangu, njia ya sokoni ni hii. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Waliosema hivyo walikuwa wanashika jembe kwa mikono, halikuwa likiwaacha na kwenda kulima shamba la jirani kwa kasi ya gari. Wewe chagua. Usianze na kioo wala sauti ya salamu. Hesabu chaneli ambazo jeti yenu inazihitaji, ongeza mbili za kesho, zinatosha. Ishike mkononi kitambo kirefu, vijiti vyake uvisikilize kwa vidole. Vikiwa na ulegevu katikati, irudishe. Muulize anayekufundisha yeye anaendesha nguvu ya feni kwa mkono gani, nawe uchukue hivyo hivyo, ili siku ukipaniki akipokonya rimoti isiwe ngeni kwake. Kipokezi kisiwe cha kuokotezwa. Na kabla ya yote hayo uliza lile swali. Ukiwa umeijaza jeti amri zako zote, kaa chini uifundishe pia ukimya wako: feni ikate, mabawa yanyooke, ishuke karibu. Kisha ifunge kamba, izime rimoti, uone kwa macho. Usimwamini muuzaji. Usiniamini mimi. Zima, uone.

Nami nimeona tangu hapo kwamba swali hilo haliishii kwenye jeti. Nimewauliza kimoyomoyo wakubwa zangu kazini, na wanaume wawili waliotaka kunioa. Siku usiponisikia, utafanya nini? Mmoja alinijibu bila kujua kwamba ameulizwa, na ndiye unayemwita baba mdogo.

Mungu akupe jicho la mbali na vidole visivyo na papara, mwanangu. Kila utakachokirusha kipae mpaka wakutafute kwa mkono juu ya paji, na kikikupotea kikumbuke njia ya kushuka bila kumuumiza mtu.

Limebaki jambo moja, nalo sikulijua mpaka Mzee Hamisi alipokuwa amezikwa na tumeshamaliza arobaini yake. Bibi Mwanaidi alinivuta pembeni kwa mkono ule ule uliovunjika, ambao haukunyooka vizuri. Akaniambia kwamba mumewe akiwa kijana, mgeni kazini, alichoka na waya uliokuwa ukilegea kwa jua na kuwasimamisha madereva ovyo. Akapanda mlingoti, akaufunga ule uzito kwa kamba, mkono ukabaki umeinama: pita, pita, siku nzima. Mchana ikaja treni ya abiria, na kituoni mabehewa ya mizigo yamesimama kwenye njia hiyo hiyo. Dereva aliuona mkono unamwambia pita, akasimama. Alikuwa na desturi ya kupiga honi na kungoja auone mkono ukicheza, usiocheza hakuuamini. Akashuka, akatembea mpaka kwenye mlingoti, akapanda mwenyewe akaifungua ile kamba. Hakumshtaki kijana. Alimwekea kamba mkononi, jicho moja limefinywa, akamuuliza, "Mkono usipokusikia, utafanya nini?"

Dereva huyo alikuwa baba yake mama yangu.