Nusu Fainali Ndani ya Kiatu

Kaseti ile ya gemu haikuwa yangu, na shida yote ilianzia hapo. Ilikuwa ya rafiki yangu Mkongo aliyekaa ghorofa ya chini yetu, huko Hyattsville, Marekani. Gemu ya tenisi iliyotokana na katuni za Kijapani: wasichana wenye macho kama visosi wanapiga mpira huku maua yakipukutika nyuma yao bila sababu yoyote. Maandishi yote Kijapani. Ili kaseti iingie kwenye mashine ya Kimarekani, ilibidi tuvunje vijino viwili vya plastiki ndani ya tundu la mashine kwa koleo la baba yake.

Mimi nilicheza ili nicheke. Mwenzangu alicheza kama mtu anayesomea udaktari. Hakujua herufi hata moja, akakariri kila kitufe kwa kubahatisha, majira yote ya baridi, mpaka msichana wake akafika nusu fainali. Akasevu. Kumbukumbu hiyo ilishikiliwa na kibetri cha duara ndani ya kaseti; kikitoka, yote yanafutika. Halafu, sijui ni pepo gani aliyemwingia, akaniazima.

"Mustari wa juu usiguse," alisema, kidole kwenye orodha ya michezo iliyosevuwa. "Ule ni wangu. Weye cheza wa chini. Unanisikia, ndugu?"

"Nimekusikia, profesa."

"Miye sicheki."

Akacheka. Alikuwa mtu pekee aliyecheka vichekesho vyangu vyote, hata vile vibovu. Darasani walishanichoka tangu mwezi wa kumi.

Sasa, mama alikuwa amenipiga marufuku gemu mpaka ripoti ya shule itoke, kisa gundi na kiti cha mwalimu wa hesabu. Kwa hiyo nikaificha kaseti ndani ya kiatu changu cheusi cha kanisani, kilichoanza kunibana, nikashindilia soksi juu yake. Nikajiona mjanja. Mjinga mimi. Kwetu kiatu kikishakubana si chako tena. Ni cha binamu yako kule Moshi, na kinachongojwa ni mtu wa kusafiri tu.

Jumamosi narudi kutoka kufua nguo, kapu begani, nakuta rafu ya viatu ina mapengo. Mama yuko sakafuni anakusanya mabaki ya utepe wa gundi aliofungia mzigo.

"Mama, vile viatu vyeusi viko wapi?"

"Nimempa yule shangazi wa kanisani anayekwenda Moshi. Saa hizi yuko uwanja wa ndege."

"Vyote viwili?"

"Ulitaka nimpe kimoja?"

Nikatua kapu, nikachungulia chini ya rafu hata hivyo.

Wiki mbili nilimkwepa rafiki yangu. Nilipanda basi la shule kwa mlango wa mbele, nikakaa na watoto wa darasa la chini wanaonuka maziwa. Akinikamata kwenye ngazi namwambia nimebakiza seti moja, kesho naileta. Kesho ikaja, na nyingine. Usingizi ukanipotea. Mwisho nikaiba kadi ya simu za ng'ambo kwenye mfuko wa sare ya kazi ya mama, nikapiga Moshi asubuhi kabla ya shule. Akapokea mama mkubwa.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu! Hamjambo huko?"

"Hatujambo."

"Mama?"

"Hajambo."

"Na baba?"

"Hajambo."

"Na hiyo baridi yenu?"

Dakika zinayeyuka, mimi najibu tu. Hata anayezama hamkati mama mkubwa salamu. Mwishowe akamwita binamu.

"Shikamoo, kaka. Viatu vimenitosha! Asante sana!"

"Marahaba. Sikiliza, kwenye soksi kulikuwa na kitu."

"Kile kidude? Tulikifungua kwa bisibisi. Hakina kitu ndani, ila betri. Baba ameing'oa akaitia kwenye kikokotoo cha dukani."

"Kikokotoo kinafanya kazi?" Sijui kwa nini niliuliza.

"Vizuri kabisa, kaka!"

Simu ikakatika.

Jioni ile ile nikashuka ngazi, nikagonga. Televisheni ilikuwa imewashwa, mashine iko wazi juu inangoja kaseti, kontrola mbili ziko zuliani. Nikamwambia yote, kuanzia mwanzo, bila kutia chumvi: kiatu, shangazi, bisibisi, kikokotoo. Kwenye kiatu alianza kutabasamu. Kwenye bisibisi alishika tumbo. Nilipofika kwenye kikokotoo akaangukia kochi, machozi yanamtoka.

"Aii, weye! Kikokotoo!"

"Ni kweli. Haki ya Mungu."

Akazidi kucheka. Nikaapa kwa mama, nikaapa kwa bibi yangu aliyekufa. Akanipigapiga mgongoni, akisema hiki ndicho kichekesho changu kizuri kuliko vyote. Kisha akajifuta macho, akakaa vizuri mbele ya televisheni, akaninyooshea mkono, kiganja juu.

"Haya," akasema. "Leta."