Siku Mama Wanga Alipokuwa Mume

Chumba cha dobi cha hoteli ile kilikuwa chini ya ardhi, na wageni waliolala juu hawakujua kama kipo. Walichojua ni kwamba shuka walilolivuruga asubuhi hurudi jioni limenyooka, kana kwamba halijapata kulaliwa na mtu. Huko chini, katikati ya mvuke na ngurumo za mashine, alitawala mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, ambaye kila mtu alimwita Mama Wanga, kwa sababu ya wanga aliotia kwenye kola za mashati. Wafanyakazi wapya wakilisikia jina hilo mara ya kwanza hushtuka, wakidhani ni mambo ya watu wanaopaa usiku na nyungo. Yeye hakuwasahihisha. Hofu kidogo haiui, alisema, na mtu mwenye hofu hukunja taulo vizuri.

Utawala huo haukuwa na cheo. Mkuu wa dobi alikuwa mzee mmoja aliyekaribia kustaafu, na kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti kando ya simu. Mgeni akilalamika huko juu, simu hulia, na mzee humjibu kwa Kiingereza. Mengine yote, kuanzia damu kwenye foronya hadi ugomvi wa mabeseni, yalikuwa ya Mama Wanga. Mzee alipostaafu, hakuna aliyejisumbua kuuliza nani atarithi kiti, mpaka meneja aliposhuka ngazi, pua ameikunja kwa harufu ya dawa ya madoa, akatangaza kwamba mkuu mpya atatoka miongoni mwa watakaosoma Kiingereza. Mwalimu ataletwa. Siku ya mwisho meneja mwenyewe atakaa nyuma ya darasa asikilize, kisha atachagua.

Mama Wanga alikitaka kiti kile kuliko kitu chochote alichopata kukitaka. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba kwa kusimama. Ikifika alasiri ilikuwa imevijaza viatu kama unga uliokandwa. Lakini haikuwa miguu tu. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kufanya kazi huku mwingine akiitwa mwenye kazi. Alitaka, kabla hajazeeka, kuitwa kile alichokuwa.

Darasa, lililokuwa wazi kwa wafanyakazi wote wa hoteli, lilifanyika katika chumba cha chakula cha wafanyakazi, baada ya meza kufutwa, harufu ya vitunguu ikiwa bado imening'inia hewani. Mwalimu alikuwa kijana mwenye suruali ya kubana na tabia ya kupiga makofi kila mara mtu alipofungua mdomo, hata aliyepiga chafya. Walimwita Ticha. Hakuwafundisha sarufi; sarufi, alisema, ni jela. Watu hujifunza lugha wakiwa na jambo la kubishania, na katika dunia nzima hakuna jambo linalobishaniwa kama tofauti ya mwanamume na mwanamke. Basi akatoa kadi za rangi, kila moja imeandikwa tendo, akachora mstari katikati ya ubao. Huku wanaume, huku wanawake. Kulia. Kuendesha gari. Kupotea njia na kukataa kuuliza. Kila mwanafunzi achukue kadi, aibandike anapoona panafaa, kisha ajieleze kwa Kiingereza.

Mama Wanga alikunja mikono akawatazama wenzake. Watu wazima hawa, waliokwisha kufua matapishi ya matajiri bila kukunja uso, sasa wanasukumana mbele ya ubao na vikadi mkononi kama watoto waliotupiwa peremende.

"Kununua viatu!" Ticha alipaza sauti. "Mwanamke au mwanamume?"

"Mwanamke!" alijibu bawabu, haraka, kama aliyeulizwa jina lake.

"Mwenye miguu," alisema Mama Wanga.

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Ticha alipiga makofi. "Safi sana, mama! Sasa tuambie kwa Kiingereza."

Akasema. Ilimchukua muda, na neno moja lilitoka likiwa kilema, lakini likatoka. Ndivyo alivyojifunza. Wengine hujifunza lugha kwa mapenzi, wengine kwa njaa. Yeye alijifunza kwa dharau. Kila upuuzi uliobandikwa ubaoni ulidai jibu, na jibu lilibidi liwe la Kiingereza, basi akayatafuta maneno kama mtu anayetafuta fimbo. Aliyaomba kwa binti wa mapokezi kwenye ngazi. Aliyatafuna mezani akikunja mashuka. Ticha alipogawa darasa makundi mawili, wanawake waeleze kwa nini wao ni wapole na wanaume kwa nini wao ni wakali, Mama Wanga alibeba kiti chake akahamia kwa wanaume. Alipoulizwa sababu, alisema upande ule una maneno mafupi.

Mpinzani wake alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyeendesha mashine ya kunyooshea mashuka. Walimwita Mvuke: alikijaza chumba, lakini ukimshika hushiki kitu. Kazi ile Mama Wanga ndiye aliyemwombea, baada ya mumewe kumsumbua kwa wiki nzima, kwamba damu ni nzito kuliko maji. Mvuke alikuwa na Kiingereza cha sinema, vipande vichache vya kutupwa na bega moja limeinuliwa. Ukimwuliza saa ngapi, hukujibu kama anayemuaga mpenzi uwanja wa ndege.

"Shemeji," alimtania siku moja, mvuke wa kweli ukimpanda usoni, "ukiwa mkuu utanikumbuka?"

"Nitaachaje kukukumbuka? Kila nikiona shuka limeungua."

"Aa, shemeji, shuka lile lilikuwa limechoka."

"Limechokaje? Wewe ndiye uliyesinzia."

"Basi nikiwa mimi mkuu, nitakuletea stuli ukae."

"Kaa nayo mwenyewe. Mimi nataka kiti chenye mgongo."

Walicheka wote wawili, kwa kuwa utani wa shemeji hauna kesi. Lakini Mama Wanga aliporudi kwenye meza yake alikunja foronya kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Nyumbani kulikuwa na darasa jingine, ingawa mwalimu wake hakujua kama anafundisha. Mumewe alikuwa fundi redio katika dunia iliyoacha kutengeneza redio. Alishinda kwenye kochi, tumbo mbele kama mzigo aliopewa amshikie mtu. "Mama," angeita, "niletee maji," na maji yako juu ya meza, ambapo mkono ukinyooshwa kidogo tu ungefika. Angeuliza nani amesogeza viatu vyake, vikiwa miguuni. Mama Wanga alileta maji. Alisema samahani kwa viatu. Na kichwani, polepole, aliyageuza yote yale kuwa Kiingereza, sentensi baada ya sentensi, kwa utulivu wa mtu anayenoa kisu.

Siku ya mwisho meneja alikuja akakaa nyuma, mguu juu ya mguu. Ticha, kwa kutaka kumfurahisha, alikuwa ametunga kitu alichokiona kuwa kilele cha elimu: wanaume watakuwa wake, wanawake watakuwa waume. Mume amerudi kutoka kazini, chakula hakijaiva. Wazungumze. Akawapanga wawili wawili, na kwa kuwa alijua ni akina nani wanaogombea kiti, akamweka Mama Wanga na Mvuke pamoja, wa mwisho.

Bawabu alicheza mke kwa kujifunga kitambaa cha meza kichwani, watu wakacheka ujinga wake. Mpishi alisahau kama yeye ni mke akamfokea mumewe. Kisha Mama Wanga akaingia.

Hakuingia hasa; alifika. Alivuta kiti kwa mguu, akakaa, akatanua magoti, akasukuma tumbo mbele, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyebeba dunia na hakuna aliyemshukuru. Glasi ya maji ilikuwa mezani, karibu na kiwiko chake. Aliitazama. Kisha akaagiza maji.

Darasa lilianguka kwa kicheko. Yeye hakucheka. Kiingereza kilimtoka kama mashuka kwenye mashine, moja likivuta jingine, bila kukatika. Nani amesogeza viatu vyangu? Kwa nini nyumba ina kelele? Unajua mimi ni nani? Nani amekuruhusu useme wakati mimi nafikiri? Hata Ticha alisahau kupiga makofi. Mama Wanga alijisikia mwepesi kama hajapata kusimama siku moja maishani. Kwenye ule ulimi mgeni hapakuwa na mtu wa kumwambia nyamaza.

Na Mvuke? Vipande vyake vya sinema havikupata pa kuingilia. Mke hainui bega. Alisimama viganja vimeshikana, jasho likimtoka, akitafuta, na alichokipata kichwani kilikuwa maneno machache tu: ndiyo, samahani, sasa hivi, tafadhali usikasirike. Akayasema. Akayarudia kwa sauti ya chini, kichwa kimeinama. Maneno hayo hakuwahi kuyatamka katika lugha yoyote, ila aliyajua vizuri, kwa sababu kila mwanamke aliyepata kumwekea sahani mbele yake alimwambia hayohayo. Mama Wanga akiwamo.

Kabla zamu haijaisha, habari ilishuka ngazi. Mkuu mpya wa dobi ni Mvuke.

Mama Wanga alivua aproni akaiweka juu ya meza, akapanda hadi ofisini kwa meneja. Hakugonga kwa muda mrefu.

"Mama," meneja alisema, akionekana kama mtu aliyetarajia mvua ikaja mapema. "Keti."

"Nimezoea kusimama. Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Kiingereza chako ni kizuri kuliko cha wote mle ndani, na sikuvishi kilemba cha ukoka."

"Sasa?"

"Sasa mgeni akipiga simu hataki kusikia Kiingereza kizuri. Anataka kusikia samahani. Yule shemeji yako ana sauti ya samahani. Nilimsikiliza nikasema, huyu ndiye."

"Bosi, ule ulikuwa mchezo. Ticha ndiye aliyegawa. Mimi nilipewa mume."

"Najua. Lakini ulimcheza mpaka nikaogopa."

"Na yeye akapewa mke."

"Akamweza."

Mama Wanga alikitazama kichwa cha mtu yule, nywele zimechanwa kufunika upara, akajiuliza ni wanawake wangapi walimtumikia mpaka kichwa hicho kikafika hapo kilipo. Mwanamume amepewa cheo kwa kuigiza mwanamke. Mwanamke amenyimwa kwa kuigiza mwanamume. Na huyu hapa anaona ametumia akili.

Labda meneja aliona haya, labda alitaka tu aondoke. Alimsogezea simu. "Haya. Barua sijaitia saini. Mimi ni mgeni, shati langu limeungua, nimekasirika kweli. Niombe radhi. Nikiridhika, kiti ni chako."

Aliinua mkono wa simu. Ulikuwa baridi sikioni. Maneno yote alikuwa nayo. Yalikuwa machache na mepesi, hata Mvuke ameyaweza. Alifikiria miguu yake, na kiti chenye mgongo, na jina lake likitanguliwa na cheo. Kwa Kiswahili maneno hayo aliyasema kila siku, mpaka yakachujuka kama nguo iliyofuliwa mara nyingi mno. Lakini Kiingereza kilikuwa kipya. Kilikuwa chumba pekee maishani mwake ambamo hajapata kumwomba mtu radhi, na sasa wanataka aanze kukipiga deki hicho nacho.

"Shati limeunguaje?" aliuliza, kwa Kiingereza.

Meneja alipepesa macho. "Sijui. Tuseme umeliunguza wewe."

"Mimi siunguzi mashati," alisema, akarudisha simu mahali pake, akashuka.

Jioni ile mumewe alifurahi. "Si kulekule kwetu?" alisema kutoka kwenye kochi. "Awe yeye, uwe wewe, cheo kimebaki ndani ya familia. Mama, maji basi." Maji yalikuwa mezani. Mama Wanga aliyatazama, akamtazama na mumewe, akaenda zake kulala. Nyuma yake alimsikia akiita tena, kisha, baada ya muda mrefu, mlio wa glasi ikiburutwa juu ya meza.

Asubuhi Mvuke alikalia kiti. Alikuja na tai. Simu ya kwanza ilipolia alisimama wima, na mgeni alipoanza kufoka huko juu, Mvuke akainama. Aliinamia simu, mgongo umepinda, kana kwamba mgeni anamwona kupitia waya. Ndiyo. Samahani. Sasa hivi. Nyingine ikalia kabla hajakaa, halafu nyingine. Nguo iliyosinyaa, kifungo kilichopotea, taulo lisilonukia vizuri. Wasichana wa mashineni walijifanya hawaoni, midomo wameibana kwa kicheko.

Ilipofika adhuhuri tai ilikuwa mfukoni. Alitembea hadi kwenye meza ya kukunjia, uso umemshuka, akasimama mbele ya Mama Wanga kama aliyetoka kuchapwa.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "mtu anakutukana, na wewe ndiye unayeomba radhi. Kutwa nzima. Hivi mtu anavumiliaje maneno haya? Anajifunzia wapi?"

"Nyumbani kwa kaka yako," alisema Mama Wanga. "Shika pembe hizo, tukunje."

Mvuke alizishika. Shuka lilikuwa pana, bado la moto, na Mama Wanga alilivuta kwa upande wake mpaka shemeji yake akajikwaa hatua moja mbele.